Shajara ya mradi: mabano ya pili baada ya funksheni

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Kazi niliyojipangia kwa wiki tatu hizi ni moja tu: kuiwezesha lugha yetu ndogo ya hesabu ikubali faharisi, yaani namba ya nafasi ya kipengele kinachotakiwa, moja kwa moja kwenye tokeo la funksheni, bila kumlazimisha anayeandika alitunze kwanza tokeo hilo ndani ya kigeu, yaani chini ya jina. Lugha hii tunaiandika watatu hapa Mbale: mimi, kijana mmoja aliyejifunzia programu kwenye Python, na mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye ndiye aliyeshikilia kwamba maneno yake yote ya msingi yawe ya Kiswahili. Intapreta yake, yaani programu inayoisoma na kuiendesha, imeandikwa kwa lugha ya C. Mtumiaji wake mkubwa ni mama anayetunza daftari la mizani katika kituo cha kununulia kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambaye kila siku huingiza faili mbili, ya asubuhi na ya jioni, kila mstari ukiwa na namba ya mkulima, tarehe, idadi ya magunia na kilo.

Kilichonisukuma nianze ni mistari mitano ya mama huyo, ambayo ninainakili hapa kama ilivyokuwa:

```
t = ukubwa(asubuhi)
n = t(1)
t2 = ukubwa(jioni)
k = t(1)
wastani = jumla(jioni(:, 4)) / k
```

Funksheni `ukubwa` hurudisha orodha ya namba mbili, yaani idadi ya safu mlalo na idadi ya safu wima, na yeye alihitaji ile ya kwanza tu; `jioni(:, 4)` ni safu wima yote ya nne, ya kilo. Kwa kuwa lugha ilikataa `ukubwa(jioni)(1)`, alilazimika kubuni jina la kupitishia, halafu jina la pili, na kwenye mstari wa nne akasahau kuandika `t2`. Asubuhi walipima wakulima 48, jioni 31, na jumla ya jioni ilikuwa kilo 1,426. Programu ikagawanya kwa 48, ikatoa wastani wa kilo 29.7 badala ya 46. Hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea, maana kwa intapreta kila kitu kilikuwa halali. Mama ndiye aliyelishtukia jambo hilo kabla yetu, kwa sababu anawajua watu wake: "Kijana wangu, hawa hawawezi kushuka mlima wote huu kila mmoja na kilo ishirini na tisa."

Nilikagua faili zake zote za mwezi uliopita nikakuta `t`, `t2`, `t3` na hata `tt`. Majina hayo hayasemi lolote kuhusu kilichomo ndani yake. Yapo kwa sababu lugha iliyadai.

Jumanne

Kabla ya kugusa msimbo nilitaka kujua waliotutangulia walifanyaje, na hasa wale wanaotumia mabano ya mviringo kwa kazi zote mbili, kuita funksheni na kuchukua kipengele, kama tunavyofanya sisi. Chanzo cha desturi hiyo ni Fortran, lugha ya hesabu ya mwaka 1957: herufi zilizopatikana kwenye kadi za kutoboa za wakati ule hazikuwa na mabano mraba, hivyo `A(3)` ikabeba maana mbili. Cleve Moler alipoandika MATLAB ya kwanza, lugha ya kukokotoa majedwali ya namba, mwishoni mwa miaka ya 1970 aliiandika kwa Fortran, na mabano yakarithiwa.

Hadi leo MATLAB inakataa `magic(4)(2,3)`, yaani kipengele cha safu mlalo ya pili na safu wima ya tatu katika jedwali la nne kwa nne ambalo `magic` hulitengeneza. Mtu anatakiwa aandike `m = magic(4)` kisha `m(2,3)`, au apitie kwenye `subsref`, funksheni ya kuchukua kipengele, njia ambayo sijaona mtu akiitumia kwa furaha. Toleo la R2019b lililegeza kidogo kwa kuruhusu nukta, yaani kuchukua uga wa muundo uliorudishwa na funksheni, lakini mabano ya mviringo yameachwa nje. Octave, ambayo inasoma karibu msimbo uleule, inaikubali semi hiyo (yaani kipande hicho cha msimbo chenye thamani) bila shida na kujibu 10. Nilijaribu pia `magic(4)(7)` kwenye Octave, nikapata 7, jambo lililomfurahisha Mwalimu kuliko lilivyostahili; sababu ni kwamba faharisi moja huhesabu ikishuka safu wima baada ya safu wima, ambao ni urithi mwingine wa Fortran, na katika jedwali hilo kipengele cha saba kwa hesabu hiyo ni 7.

Fortran yenyewe bado hairuhusu mabano ya pili. Kuanzia Fortran 2003 kuna `associate`, ambayo inalipa tokeo jina la muda ndani ya eneo dogo la programu. Kwa maneno mengine, jibu lake kwa mama wa mizani ni kwamba atafute jina, ila jina hilo lisiishi muda mrefu. Jibu hilo nalielewa, na ningeliheshimu zaidi kama nisingekuwa nimeona ile `tt`. PHP nayo ilikuwa upande wa wanaokataa kwa miaka mingi, hadi toleo la 5.4 la mwaka 2012 lilipoanza kuruhusu `f()[0]`. Kwa kijana wetu wa Python mjadala wote huu ni wa ajabu, kwa sababu kwake `f()[0]` haijawahi kuwa tatizo la mtu yeyote.

Alhamisi

Badiliko la kanuni za sarufi lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Awali kichanganuzi, yaani sehemu ya intapreta inayosoma sarufi, kilisoma jina, kikatazama kama kuna mabano yanayofuata, kikayasoma mara moja, kikaondoka. Sasa kinazunguka: kila kinapomaliza jozi ya mabano kinachungulia alama inayofuata, na ikiwa ni bano jingine linalofunguka, basi kilichosomwa hadi hapo kinakuwa mzizi wa tawi jipya. Mistari kumi na kitu ya C. Majaribio yote ya zamani yalipita, nikaenda kula mchana nikiwa na moyo mweupe.

Niliporudi, Mwalimu alikuwa na programu iliyovunjika:

```
x = soma("jioni.csv")
(x(1,4) + x(2,4)) / 2
```

Lugha yetu haina nuktamkato ya kufungia sentensi. Mstari ukiisha, sentensi imeisha. Lakini katika kuchungulia kwangu nilikuwa nimetumia njia inayoruka mistari mipya, ile tunayoitumia ndani ya mabano ili mtu aweze kukata wito mrefu katikati. Kwa hiyo mistari hii miwili iligeuka kuwa mmoja: soma faili, halafu kwenye tokeo lake chukua kipengele ambacho faharisi yake ni jumla ya kilo mbili. Nilikumbuka kwamba lugha ya Lua iliwahi kukutana na utata huuhuu, na katika matoleo hadi 5.1 ilikuwa ikikataa kabisa bano linaloanza mstari mpya baada ya semi inayoweza kuwa funksheni, kuanzia 5.2 ikaacha kukataa, ikaliunganisha bano hilo na mstari uliotangulia. Sisi tumechukua njia ya tatu. Bano la pili ni la faharisi ikiwa tu liko kwenye mstari uleule. Likianza mstari mpya, ni sentensi mpya.

Mtego mwingine wa aina hii umetupita kando. Katika MATLAB na Octave, `[a (2)]` ni orodha ya vitu viwili, ilhali `[a(2)]` ni kitu kimoja, kwa kuwa nafasi tupu ndani ya mabano mraba inatenganisha. Sisi tangu mwanzo tulidai mkato, na siku ile nilipinga.

Wiki ya pili, Jumatatu

Semi inachanganuliwa vizuri, lakini majibu yake si ya kuaminika. Jaribio la leo lilikuwa `soma("asubuhi.csv")(1,1)`, ambayo ni namba ya mkulima wa kwanza, na jibu sahihi ni 117. Skrini ikaandika 6.9e-310.

Namba ya namna hiyo ina harufu yake. Ni ndogo mno kuwa kipimo cha kitu chochote duniani, na mtu aliyeandika C kwa muda anaitambua: ni anwani ya kumbukumbu iliyosomwa kana kwamba ni namba ya desimali. Katika intapreta yetu kila jedwali lina hesabu ya wanaolishikilia, na hesabu ikifika sifuri jedwali linaachiliwa. Jedwali lililohifadhiwa kwenye kigeu linashikiliwa na kigeu hicho. Jedwali lililorudishwa na `soma` na kupewa faharisi papo hapo halishikiliwi na mtu: limezaliwa katikati ya semi na halina jina. Msimbo wangu uliliachilia mara tu wito ulipokwisha, kisha ukaenda kuchukua kipengele cha kwanza mahali ambapo kitenga kumbukumbu, yaani sehemu inayogawa na kurudisha kumbukumbu, kilikuwa kimeshaandika anwani zake. Ndiyo maana kipengele cha (1,1) kiliharibika na cha (20,4) kikatoka salama, na ndiyo maana ningeweza kukaa wiki nzima bila kugundua kama ningejaribu safu za katikati peke yake.

Marekebisho ya kwanza yalikuwa ya woga: nisiliachilie kabisa. Majibu yakawa sahihi, lakini Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu, ikaonyesha kwamba kila wito unaacha jedwali zima nyuma yake, na ndani ya kitanzi, yaani msimbo unaorudiwa mara nyingi, hilo ni shimo linalomeza kumbukumbu kimyakimya. Marekebisho ya pili ndiyo yaliyobaki. Tokeo lisilo na jina linashikiliwa na semi yenyewe. Kipengele kinanakiliwa kwanza. Kisha, semi nzima inapokwisha, linaachiliwa. Kumbe C yenyewe imelazimika kulitamka jambo hili. Funksheni ya C haiwezi kurudisha orodha, lakini inaweza kurudisha muundo wenye orodha ndani yake, na kanuni za C11 zinaeleza wazi kwamba kitu hicho cha muda kinaishi hadi mwisho wa semi kamili iliyokizaa. Tumeazima kanuni hiyo kama ilivyo.

Jumatano

Leo hatukuandika msimbo mwingi. Tulibishana, na nadhani ndiyo siku iliyokuwa na faida kubwa kuliko zote.

Funksheni zetu kadhaa hurudisha zaidi ya kitu kimoja. `kubwa`, kwa mfano, hurudisha thamani kubwa kuliko zote katika orodha na nafasi yake, na hupokelewa hivi: `[k, i] = kubwa(kilo)`. Swali ni nini maana ya `kubwa(kilo)(2)`.

Kijana hakuona cha kujadili. "Si nafasi? Vitu viwili vimerudi, mimi nataka cha pili." Kwake ni sawa kabisa, maana funksheni ya Python hairudishi vitu viwili, inarudisha kifurushi kimoja chenye vitu viwili, na faharisi inaingia ndani ya kifurushi. Mwalimu, aliyekuwa amenyamaza muda mrefu, aliuliza: "Na `ukubwa(jioni)(2)` je?" Hapo funksheni inarudisha orodha moja yenye namba mbili, na faharisi inachukua namba ya pili ya orodha hiyo. Kwa macho, semi hizi mbili zinafanana kabisa. Kama tungefuata rai ya kijana, msomaji asingeweza kujua `(2)` ina maana gani bila kukumbuka kila funksheni inarudisha vitu vingapi. Na mbaya zaidi, siku tutakapoiongezea funksheni ya zamani tokeo la pili, semi zilizokuwa zikichukua kipengele cha pili cha orodha zingeanza kuchukua kitu kingine bila mtu kuambiwa.

Lugha nyingine zimejenga njia tofauti kwa kazi hizi mbili, na nilipoziweka pamoja nikaona kwamba karibu zote zinakiri kuwa ni mambo mawili. Octave ina `nthargout(2, @max, v)` kwa anayetaka tokeo la pili. MATLAB tangu R2009b inaruhusu `[~, i] = max(v)`, ambapo alama ile inasema cha kwanza kitupwe. Lua ina `select(2, f())`, ambayo hurudisha kuanzia la pili na kuendelea, na ina kanuni ninayoipenda kwamba kuuzungushia wito mabano, `(f())`, hukata matokeo yote isipokuwa la kwanza. Perl ndiyo inayokwenda na kijana: `(f())[1]` huchukua cha pili katika orodha ya vilivyorudi, lakini hata huko mabano ya nje ni ya lazima, kana kwamba lugha inamtaka mwandishi athibitishe anachokifanya.

Tuliamua hivi: ndani ya semi, funksheni ni thamani yake ya kwanza tu, na faharisi inaingia ndani ya thamani hiyo. Anayetaka la pili aandike `[_, i] = kubwa(kilo)`. Kijana alikubali kwa sharti kwamba ujumbe wa kosa umwongoze mtu kama yeye, na sharti hilo ni la haki. Sasa anayeandika `kubwa(kilo)(2)` anaambiwa kwamba tokeo la kwanza la `kubwa` ni namba moja, kwamba funksheni hii ina tokeo la pili, na namna ya kulipata.

Kuhusu kuandika upande wa kushoto, kama `ukubwa(jioni)(1) = 40`, hatukupoteza muda. Tokeo lisilo na jina haliko mahali popote ambapo mtu atalitazama tena, hivyo kulibadilisha ni kutwanga maji kwenye kinu. Imekatazwa wakati wa kuchanganua, kabla programu haijaanza kwenda.

Ijumaa

Umeme ulikatika saa nne asubuhi ukarudi jioni. Niliandika majaribio kwenye karatasi.

Wiki ya tatu, Jumanne

Neno `mwisho` limenipa kazi ambayo sikuitarajia. Ndani ya faharisi, `mwisho` ni ukubwa wa kitu kinachofaharisiwa, kwa hiyo `kilo(mwisho)` ni kipimo cha mwisho. Katika `kilo(dogo(mwisho, 5))`, ambamo `dogo` ni funksheni inayochagua iliyo ndogo, `mwisho` lazima iwe ya `kilo`. Lakini katika `kilo(nafasi(mwisho))`, ambamo `nafasi` ni orodha, ni ya `nafasi`. Kwa kuwa mabano ni yaleyale, tofauti hiyo inajulikana tu programu inapoendeshwa, na intapreta hubeba rundo la vitu vinavyofaharisiwa ili `mwisho` iangalie cha juu kabisa.

Sasa ongeza `soma("jioni.csv")(mwisho, 4)`. Ili kujua `mwisho`, tokeo lazima liwepo kabla ya faharisi kukokotolewa. Toleo langu la kwanza liliita `soma` ili kupata ukubwa, kisha likaiita tena ili kuchukua kipengele. Jibu lilikuwa sahihi, na nisingejua kamwe kama kijana hangeandika jaribio lenye funksheni inayojihesabia imeitwa mara ngapi: ilijibu 2. Kwa faili isiyobadilika hiyo ni hasara ya muda tu, ila kwa funksheni inayosoma mizani yenyewe kupitia waya, wito wa pili ungeweza kurudisha uzito mwingine, na `mwisho` ingekuwa ya kipimo kimoja na kipengele cha kingine. Sasa wito hufanyika mara moja na tokeo lake ndilo linaloingia kwenye rundo.

Alhamisi

Nilimpelekea mama toleo jipya jana, na leo amenipigia simu. Alikuwa ameandika `tafuta(kilo > 100)(1)`, akitaka nafasi ya mkulima wa kwanza aliyeleta zaidi ya kilo 100. Siku hiyo hakukuwa na hata mmoja. Lugha ikamjibu kwamba faharisi 1 imezidi kikomo 0, naye akahitimisha kwamba faili imeharibika, akaiingiza upya yote kwa mkono.

Ujumbe haukusema uongo, na Octave ingesema karibu maneno hayohayo, lakini umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeliona jedwali lenye tatizo. Zamani alikuwa na `t`, angeweza kuichapisha akaona ni tupu; sasa orodha tupu imezaliwa na kufa katikati ya mstari wake, na hakuna jina la kuiulizia. Niliporuhusu mabano ya pili niliondoa sehemu ya kuchungulia, kwa hiyo ujumbe ndio unaopaswa kuchungulia kwa niaba yake. Kwa sasa unasema: *Mstari wa 12: funksheni tafuta imerudisha orodha tupu, kwa hiyo haina kipengele cha 1. Hakuna kilichotimiza sharti.* Kijana alipendekeza turudishe sifuri badala ya kosa. Nilikataa, kwa sababu sifuri hiyo ingeendelea na safari ndani ya hesabu kama ile 48 ya asubuhi.

Jambo jingine nililoliona kwenye faili zake ni kitanzi chenye `soma("jioni.csv")(i, 4)`, ambacho kwa mistari 31 kinafungua faili mara 31. Lugha inafanya kile ilichoambiwa, na sitaiwekea ujanja wa kukumbuka faili. Nilimweleza kwamba hapo jina linahitajika, liwe `jioni` na lisiwe `t`, akacheka.

Ijumaa

Majaribio yote yanapita, Valgrind haionyeshi kilichoachwa. Kilichobaki ni nukta baada ya wito kwa ajili ya miundo, nacho kitasubiri hadi mtu akihitaji. Mistari mitano ya mama imekuwa huu mmoja, na kwa faili ileile unatoa 46:

```
wastani = jumla(jioni(:, 4)) / ukubwa(jioni)(1)
```

Katika faili nyingine ameacha `t = ukubwa(asubuhi)`, kwa sababu chini yake anatumia `t(1)` na `t(2)` zote mbili. Sikuigusa.